Yesu Alisema Tazameni Ndege, Sisi Tunatazama Kioo



Vijana wenzangu, kwenye sura ya 6 ya Injili ya Mathayo Yesu anawapa wanafunzi wake maagizo mawili ambayo huwa tunayapita haraka. Anawaambia wawatazame ndege wa angani, kisha wayaangalie maua ya kondeni. Tumezoea kulichukua kama neno la faraja: usihangaike, Mungu atakupa. Ni kweli kabisa. Ila kabla ya faraja kuna kazi. Kwenye mstari wa 28 Kigiriki kinasema "katamathete", yaani jifunzeni vizuri, chunguzeni mpaka mwelewe. Neno hilo lina mzizi mmoja na neno la Kigiriki tunalolitafsiri "mwanafunzi". Kwa hiyo Yesu ametupangia kipindi, na darasa lenyewe liko shambani.

Sasa njoo Bahi. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili. Mto Bubu unaleta maji, yanatuama mbugani, maana bonde letu halina njia ya kuyapeleka baharini. Ndiyo maana katika nchi hii kame ya Wagogo, nchi ya uwele na mibuyu, unakuta mashamba ya mpunga. Na mpunga ukianza kutoa punje, kweleakwelea nao hao! Mtu wa huku ukimwambia awatazame ndege, anajua unazungumzia chakula cha mwaka mzima. Anapanda dunguni asubuhi na mapema kuamia ndege, na jua likizama ndipo anashuka.

Likizo iliyopita nilikaa dunguni na kijana mmoja wa jumuiya yetu. Simu yake ilikuwa mfukoni, imezimwa. Nikamuuliza, haangalii hata kidogo? Akacheka. "Frateri, kwelea hawapigi hodi. Ukiinamia simu dakika tano, ukiinua kichwa wameshakula ada ya mdogo wangu."

Kisha akanionyesha jinsi kundi linavyogeuka angani kabla ya kutua. Akiona linavyogeuka, anajua litashukia upande gani, anawahi kupiga kelele upande huo. Hakujifunza hayo kwenye video yoyote. Alijifunza kwa kutazama, siku baada ya siku, msimu baada ya msimu. Kigiriki hajakisoma, lakini katamathete anaifanya.

Wewe je? Labda huna shamba la mpunga. Lakini una uwezo wa kukaa na kitu kimoja ukatulia, na huo nao una kwelea wake. Video ya sekunde 30, inayofuata, inayofuata, mara bando limekata na hukumbuki hata ya kwanza ilihusu nini. Jamani, tuulizane ukweli: anayeshindwa kukaa na mti dakika kumi, atakaaje saa nzima mbele ya Ekaristi? Atamsikilizaje bibi yake mgonjwa anayesimulia polepole, tena jambo lile lile?

Simu yenyewe haina dhambi. Mimi masomo ya Misa huyasoma humo humo, na mkulima anapata humo utabiri wa hali ya hewa. Mtakatifu Thoma wa Akwino anatofautisha bidii ya kujifunza, ambayo ni fadhila, na udadisi uliokosa kiasi. Nikiiweka kwa lugha yetu ya mtaani: mmoja anaingia mtandaoni akijua anatafuta nini, akikipata anatoka. Mwingine anaingia tu, na kutoka hajui.

Tarehe 7 Septemba 2025 Papa Leo wa XIV aliwatangaza vijana wawili kuwa watakatifu kwa siku moja. Carlo Acutis, aliyefariki 2006 akiwa na miaka 15, alitumia kompyuta kuwajulisha watu miujiza ya Ekaristi, na michezo ya video alijiwekea kikomo cha saa moja kwa wiki. Pier Giorgio Frassati, aliyefariki 1925 akiwa na miaka 24, alipenda kupanda milima na kuwahudumia maskini wa Torino. Kompyuta na mlima, altare moja.

Basi wiki hii tujaribu hivi. Ukiamka, fanya ishara ya msalaba, toka nje uitazame mbingu, ndipo ushike simu. Chagua kiumbe kimoja: mbuyu, siafu, hata mti wa kando ya barabara kama unaishi mjini. Kitazame dakika kumi kila siku, simu ikiwa ndani. Siku ya nne mwulize mzee jina lake kwa kilugha na kazi yake. Siku ya saba, sasa fungua mtandao usome zaidi. Utashangaa una maswali ya kwako mwenyewe.

Tusali: Bwana Yesu, Mwalimu uliyefundisha mlimani na kando ya ziwa, utupe macho yanayotulia. Utufundishe kuinua kichwa kabla mavuno hayajaliwa. Na simu zetu zituongoze kwako na kwa jirani. Amina.