TUINGIEJE KATIKA NYUMBA ZA WALIOTOWEKA?

 

Ndugu Muislamu, siku hizi simu zimetuletea picha za mahali ambapo zamani tulipasikia kwenye darsa tu. Mojawapo ni Al-Hijr, nchi ya Thamud, watu wa Nabii Salih (a.s.), ambayo wengi huiita Madain Salih. Iko kaskazini ya Madina, kwenye njia ya kwenda Tabuk. Mwaka 2008 iliandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia, ya kwanza katika nchi ya Saudia. Na tangu Saudia ianze kutoa viza za utalii mwaka 2019, watu wanatoka kila pembe ya dunia kwenda kuitazama. Wanapanda gari pamoja na mwelekezi, wanashushwa kwenye jabali moja, wanaelezwa habari zake, wanapiga picha, wanapanda tena mpaka jabali la pili. Jioni wanarudi hotelini kula.

Vijana wanauliza: je, ni halali Muislamu kufanya matembezi ya namna hiyo? Na kama ni halali, aingie na moyo gani?

Najua kuna atakayecheka. Nani hapa Nizi ana nauli ya kwenda Saudia kutazama mawe, wakati nauli ya pikipiki mpaka Bunia tu inatuumiza kichwa? Ndugu yangu, vumilia kidogo. Swali hili litatembea lenyewe mpaka mlangoni kwako.

Mwaka wa 9 wa Hijra, Mtume (s.a.w.) alikuwa njiani kwenda Tabuk na jeshi kubwa, wakati wa joto kali. Walipofika Al-Hijr, watu walifanya kama atakavyofanya msafiri yeyote mwenye kiu: walichota maji katika visima walivyovikuta, wakakanda unga wao. Imepokewa kutoka kwa Abdullah bin Umar (r.a.), katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume aliwaamuru wayamwage maji yale, na unga uliokwisha kukandwa wapewe ngamia, kisha wachote kwenye kisima alichokuwa akinywa yule ngamia jike wa Nabii Salih. Akawakataza wasiingie katika makazi ya wale waliodhulumu nafsi zao ila wawe wanalia, wasije wakapatwa na yaliyowapata wenyewe. Kisha akajifunika kichwa, akaharakisha mwendo mpaka akalivuka lile bonde.

Kwa upande mwingine, Qur'ani inatuamuru zaidi ya mara moja tutembee katika ardhi tuangalie mwisho wa waliotutangulia (soma Ar-Rum, 30: 9). Na katika Al-Hajj, 22: 46, tunafundishwa kwamba upofu unaoharibu mtu ni ule wa moyo, siyo wa macho. Basi wanavyuoni wakatofautiana. Wako waliosema mahali pale pasiingiwe kabisa kwa ajili ya starehe, apite mwenye kupita tu. Wako waliosema aingie mwenye kutaka mazingatio. Mimi naona jambo moja ambalo pande zote mbili zinakubali: Mtume hakubadili njia. Alipita palepale na watu wake wote, wakaona. Alichokikataza ni kule kutulia, kufanya mahali pa maangamizi kuwa mahali pa kupumzika na kupika.

Kuna habari nyingine ya Al-Hijr ambayo huwasumbua baadhi ya Waislamu wakiisikia, na sioni kwa nini iwasumbue. Wataalamu wa historia wanasema zile kuta zilizochongwa kwa ustadi ambazo watalii wanazipiga picha ni makaburi ya Wanabati, watu waliokaa pale karibu na zama za Nabii Isa (a.s.). Makaburi hayo yanapita mia moja. Qur'ani haikusema kwamba kila mlango uliosimama leo ulichongwa na mkono wa Thamud. Ardhi ni ileile aliyoitaja, na watu hukaa juu ya watu. Lakini sikiliza kilichoandikwa juu ya baadhi ya makaburi hayo. Ni kama hati za nyumba! Kaburi hili ni la fulani na watoto wake. Asiliuze mtu, asiliweke rehani, asimzike humo asiyehusika. Atakayevunja sharti atalipa faini, na laana imfikie. Mtu wa miaka elfu mbili iliyopita alikuwa na hofu hiyohiyo tuliyo nayo sisi, kwamba siku akiondoka, mwingine atakuja kukaa mahali pake na kusema ni pangu.

Tuache Saudia, turudi nyumbani. Ituri nayo ina majabali yake. Kusini ya Komanda pana Mlima Hoyo, mlima wa mawe ya chokaa wenye mapango zaidi ya arobaini. Wakati wa Wabelgiji wageni walikuja kutembezwa humo, taa mkononi, wakitazama mawe yaliyoning'inia kama mishumaa iliyoyeyuka. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa Kibelgiji, Francis Van Noten, alichimba katika pango moja liitwalo Matupi. Akakuta vifaa vidogo vya mawe na mifupa ya wanyama walioliwa, dalili kwamba watu walikaa mle zaidi ya miaka 40,000 iliyopita. Leo barabara ya kutoka Komanda kwenda upande wa Beni imemwagika damu nyingi, na kwenda kutembea huko si jambo la kuamua asubuhi ukaondoka.

Lakini tuseme umefika. Umeinama, umeingia Matupi, mwelekezi anakuonyesha mahali walipokoka moto. Je, utajifunika kichwa na kukimbia kama palepale Al-Hijr? Kwa lipi? Hatukuambiwa kama walidhulumu. Hatujui nabii wao. Pango lenyewe si alama ya ubaya: vijana wa Kahf walihifadhiwa pangoni, Mtume wetu alipata wahyi wa kwanza katika pango la Hira, na alipotoka Makka alijificha na Abubakar (r.a.) katika pango la Thawr. Huko Uturuki, mahali paitwapo Derinkuyu, kuna mji mzima chini ya ardhi, wenye mazizi na visima, ambamo Wakristo wa zamani waliteremka na mifugo yao na kuziba njia kwa mawe ya mviringo ili kuwakimbia maadui. Na tuseme ukweli, baadhi ya majeshi waliyoyakimbia yalikuwa ya Waislamu. Shimo lililo tupu linakuambia tu kwamba kulikuwa na watu. Kwa nini hawapo, shimo halisemi.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame, kwa sababu hapa ndipo ndimi zetu zinapokosea.

Panda barabara kutoka Bunia, pita Iga Barrière, uje mpaka huku kwetu. Tazama kando. Utaona kuta zisizo na mabati, milango iliyobaki matundu, miti ya mafenesi na maparachichi iliyopandwa na mtu ambaye hayupo. Nyingine ni za vita vya 1999 hadi 2003. Nyingine ni za machafuko yaliyorudi Djugu mwishoni mwa 2017. Na utamsikia mtu mzima, pengine ametoka kuswali, akionyesha kidole kama mwelekezi wa watalii: "Hawa walikuwa na kiburi. Mungu aliwamaliza kama Thamud." Akisema hivyo anakuwa anasema juu ya kijiji cha upande wa pili, siyo cha kwao. Cha kwao kikiungua, ni dhulma. Cha jirani kikiungua, ni adhabu ya Mungu.

Ndugu yangu, nani alikupa wahyi? Habari za Thamud tunazijua kwa sababu Mwenyezi Mungu mwenyewe ametuhadithia. Walitumiwa mjumbe kutoka kwao, wakapewa alama wazi, wakaonywa, wakapewa siku tatu. Yule mama aliyetoka usiku na mtoto mgongoni, nyuma yake nyumba inawaka, nani alikuwa Salih wake? Nani alimpa siku tatu?

Fungua sura ya Al-Buruj (85). Pale walioungua motoni ndio waumini. Waliolaaniwa ni wale waliouwasha, wakakaa kando yake wakitazama. Mwenyezi Mungu hakuacha kutaja kule kukaa na kutazama. Basi majivu peke yake hayatufundishi nani alikuwa mwema na nani mwovu. Na mtu anayeangalia majivu kwa raha yake ana sababu ya kujiogopea nafsi yake kabla ya kuwasema wenye nyumba.

Kama unataka kuisoma habari ya Thamud juu ya Djugu, basi isome yote. Katika An-Naml (27: 48) tunaambiwa kwamba waliokuwa wakifanya ufisadi katika mji ule walikuwa watu tisa. Tisa tu! Aliyemchinja ngamia alikuwa mmoja. Mji uliobaki ulikuwa na watu wa soko, watu wa mashamba, watu wa kuchonga mawe, waliojua na wakaridhika. Nasi tunawajua wetu. Tunajua shimo lipi la dhahabu linalisha bunduki ipi, na bado tunapima gramu, tunatoa pesa, tunasema biashara ni biashara.

Na kuna aya nyingine, Ibrahim, 14: 45, ambayo huwa naisoma kwa uzito. Humo watu wanakumbushwa siku ya hukumu kwamba walikaa katika maskani za waliojidhulumu, na yaliyowafika wale yalikuwa wazi kwao, wala hawakuzingatia. Mtalii anaingia saa moja, anatoka. Sisi baadhi yetu tumeingia katika nyumba za waliotoweka na hatujatoka. Mwingine alichukua mabati. Mwingine alichukua mlango na fremu yake. Mwingine analima shamba tangu msimu ule, na watoto wake wamezaliwa humo wakidhani ni la babu yao. Mwenye nyumba yuko kambini chini ya hema, au yuko Uganda, au yuko kaburini na yatima wake wako hai.

Najua majibu, kwa sababu ni majibu ya watu wenye shida ya kweli. "Mimi sikuchoma. Nilinunua kwa mwingine." "Nyumba yangu nayo imechomwa, kule kwingine, na kuna mtu anakaa kwenye kiwanja changu. Niende wapi?" Jibu la kwanza sheria inalijua: kitu kilichoporwa hakisafiki kwa kupita mikono mingi, na Mtume (s.a.w.) ametuonya kwamba anayechukua hata shubiri ya ardhi kwa dhulma atavishwa ardhi saba shingoni siku ya Kiyama. Jibu la pili ni zito zaidi, na sitalipita kwa haraka. Mtu aliyechomewa akajihifadhi katika nyumba tupu mvua isimuue watoto, hatumwiti mwizi. Dharura imempa paa. Dharura haikumpa hati. Akae kama mlinzi: asiuze, asikate miti, asihamishe mpaka, amtafute mwenyewe au jamaa zake awape habari kwamba nyumba yao imesimama na nani yumo. Simu iliyomletea picha za Al-Hijr inaweza kupeleka na habari hiyo.

Turudi kwa wale masahaba na unga wao. Hawakuwa waovu. Walikuwa wapiganaji wa njia ya Mwenyezi Mungu, wana njaa, jua kali, maji yamekwisha kuchotwa, unga umekwisha kukandwa. Ingekuwa rahisi kusema: limeshafanyika, tule, safari ijayo tutajua. Waliambiwa wamwage. Lakini angalieni pia namna walivyoambiwa. Unga haukutupwa, walipewa wanyama. Na hawakuachwa na kiu: Mtume alijua kisima kingine, akawaonyesha.

Hilo la mwisho linatuhusu sisi wazee wa jamaa, wenye viwanja, wenye maduka na wenye mashimo, kuliko linavyomhusu yule maskini aliyejibanza katika nyumba ya mtu. Tukimwambia atoke pale, atauliza kisima kingine kiko wapi. Baada ya swala leo wazee watabaki msikitini, na anayejua kiwanja kitupu kisicho na mgogoro, au mwenye mabati ya kutoa, abaki nao.