Wanaotuimbia Tunaposhindwa

Mtu anayeimba kwamba Mungu anampenda, huku moyoni hahisi kupendwa hata kidogo, je, anasema uongo? Swali hili huwa zito zaidi msibani. Chini ya turubai kwaya inaanza tenzi. Mfiwa ameketi mkekani, kanga imemfunika kichwa, kinywa kimefumbwa. Ubeti wa kwanza unapita, na wa pili pia. Kwenye kiitikio midomo inaanza kutikisika, sauti inatoka imekwaruza na imechelewa nyuma ya wenzake. Hakuna anayemgeukia. Kina mama wa sauti ya pili wanaushikilia wimbo mpaka naye aingie.

Mimi nasema hadanganyi. Angedanganya kama wimbo ungekuwa taarifa ya hali ya moyo wake saa ile. Lakini nyimbo za ibada hazianzii moyoni mwa mwimbaji. Zilikuwepo kabla yake, zimeimbwa na waliozikwa zamani, na leo zinaimbwa na jirani zake kwa niaba yake. Tumaini analolipata pale ni la kuazimwa, na sioni aibu yoyote katika hilo. Upendo wa Mungu wenyewe, kwa imani ya Kikristo, hatukuuanzisha sisi.

Augustino wa Hipo, akichunguza wakati ni nini katika kitabu cha 11 cha Maungamo, alichukua mfano wa mtu anayetaka kusema zaburi aijuayo. Kabla hajaanza, zaburi yote imo katika matarajio yake. Kadiri anavyoendelea, sehemu iliyokwisha kutamkwa inahamia kwenye kumbukumbu. Nadhani hapo ndipo nguvu ya wimbo wa ibada ilipo. Unakumbuka msalaba na unangoja ufufuo kwa pumzi ileile moja. Tumaini lisilo na kumbukumbu ni hamu tu. Lenye kumbukumbu lina sababu ya kusubiri.

Lakini linasubiri nini? Hapa ndipo nyimbo nyingi za siku hizi zinaponihuzunisha, zile zinazoahidi gari, nyumba na maadui kuaibika. Zinamtaja Mungu sana, ila upendo wake unapimwa kwa mali. Linganisha na utenzi mmoja wa zamani. Horatio Spafford, mwanasheria wa Chicago, alifiwa na mabinti wanne mwaka 1873 meli ya Ville du Havre ilipozama katika Atlantiki. Mkewe Anna aliokolewa. Kutokana na msiba huo aliandika utenzi tunaouimba kwa Kiswahili kama Ni Salama Rohoni Mwangu. Philip Bliss, aliyeutungia tuni, alikufa pamoja na mkewe katika ajali ya treni huko Ashtabula, Ohio, mwaka 1876, mwaka uleule wimbo ulipochapishwa. Wimbo haukumkinga Bliss, wala haukumrudishia Spafford watoto. Salama inayotajwa mle haikuwa ya baharini wala ya relini. Ni ya kujua kwamba hata maji yakikufunika, hujatoka mikononi mwa anayekupenda. Ukiondoa jambo hilo moja, utenzi wote unakuwa ukatili kwa wazazi waliofiwa.

Najua wapo wasioweza kufika hata kwenye kiitikio. Kwa ajili yao Biblia ina Zaburi ya 88. Inaanza kwa kilio na inaishia gizani, bila shukrani wala ushindi. Hata hivyo kichwa chake kinaikabidhi kwa mwimbishaji, maana yake ilikusudiwa kuimbwa na watu pamoja. Mwenye zaburi hii anamlaumu Mungu, lakini anamlaumu usoni, mchana na usiku, na mtu hadai kitu usiku kucha mlangoni kwa asiyemtarajia kufungua. Ningependa kwaya zetu ziitungie tuni na kuiimba Jumapili, si msibani pekee. Kwa baadhi ya waliokaa mabenchi ya nyuma, huo ndio wimbo pekee wanaoweza kuuanza wenyewe.