Mlima Mmoja, Baiskeli Mbili

Njia ya Congo-Nile, kilomita 227 kutoka Rubavu, huishia kwetu Rusizi. Watalii huipita kwa baiskeli za gia nyingi, wakihema na kucheka. Jirani yangu husukuma yake isiyo na gia, imebeba mikungu ya ndizi hadi soko la Kamembe. Jasho ni lile lile. Je, mgeni ana haki ya kuuita mlima huo starehe?

Wengine husema anamdhihaki maskini. Sikubali. Mgeni akichoka atapanda gari. Jirani akichoka, ndizi zitaoza. Lakini hiari hiyo mgeni hakumnyang'anya mtu. Kinachonikera ni picha: humpiga jirani bila hata kumwamkia, kisha husimulia kwao jinsi watu wa vilimani walivyo na furaha. Bei ya ndizi hakuuliza.