Mkono Usioruhusiwa Kugusa Divai



Mtu akikukaribisha kwake, akakuketisha vizuri, akakumiminia kinywaji, lakini akakuomba usiiguse chupa, je, amekuheshimu au amekudharau? Swali hili limetufuata tangu Novemba 2018, sisi tuliokwenda kuhiji katika Nchi Takatifu. Habari za Bethlehemu na Galilaya zimekwisha kusimuliwa mara nyingi katika kurasa hizi, nasi hatuna budi kuwaachia wengine. Hili la chupa twaona lafaa kuandikwa.

Magharibi ya Yerusalemu barabara iendayo pwani huteremka katika milima ya Yudea. Huko ndiko liliko bonde la Soreki, tunalolisoma katika habari za Samsoni, na jina hilo kwa Kiebrania lahusiana na mzabibu ulio bora. Mizabibu imepandwa juu ya matuta yaliyozuiwa kwa mawe. Karibu na hapo, mahali paitwapo Latrun, wako watawa Wakristo wa shirika la Trapisti waliofika mwaka 1890, nao hutengeneza divai yao hata leo. Sisi tulipelekwa kwenye kiwanda kidogo cha familia moja ya Kiyahudi, ambacho divai yake yote ni kosheri, yaani divai inayofaa kwa sheria yao.

Wengi wetu tulidhani kosheri ni baraka ambayo rabi huja kuisoma juu ya mapipa. Sivyo. Hakuna sala iifanyayo divai kuwa kosheri. Ni utii, nao huanza shambani. Matunda ya miaka mitatu ya kwanza ya mzabibu hayatumiwi, kama ilivyoamriwa katika Mambo ya Walawi sura ya 19. Katikati ya mizabibu hapapandwi mazao mengine, kwa neno la Kumbukumbu la Torati sura ya 22, jambo lililowashangaza sana wenzetu waliozoea kuchanganya mahindi na maharage. Kila mwaka wa saba nchi yapaswa kupumzika. Mwaka wa namna hiyo ulikuwa ule ulioanza Septemba 2021 ukaisha Septemba 2022. (Wako wanaoiuza ardhi kwa muda kwa mtu asiye Myahudi ili kazi iendelee, na marabi wenyewe hubishana kama hiyo ni njia halali.) Tena, kwa ukumbusho wa zaka iliyokuwa ya Hekalu, sehemu ya divai, zaidi kidogo ya moja katika mia, humwagwa chini. Haiuzwi wala hainywewi.

Hayo yote tuliyasikia kwa furaha. Kisha tukaingia ndani.

Katika safari yetu alikuwamo mzee mmoja kutoka Dodoma, mkulima wa zabibu, ambaye mikono yake yaijua kazi hiyo kuliko vitabu. Alipoliona tangi la chuma lenye koki, akanyosha mkono kwa desturi ya mtu aliyezoea. Kijana mwenye kofia ndogo kichwani akawahi kusimama mbele yake. “Samahani sana, mzee wangu,” alisema, na kiongozi wetu akatutafsiria, “niachie mimi nikufungulie.” Hapo ndipo tulipoelezwa. Zabibu shambani aweza kuzichuma mtu yeyote. Lakini tangu zinapopondwa mpaka chupa inapozibwa, divai haishikwi ila na Myahudi aishikaye Sabato. Mwingine akiishika, imepoteza hali yake ya kosheri. Koki zenyewe zilikuwa zimetiwa lakiri.

Mzee hakusema neno. Lakini tuliokuwa karibu naye tuliuona uso wake, nasi twajua alichokumbuka, kwa kuwa watu wa umri wake walizikuta hoteli na vilabu vya wakoloni ambamo Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni tu. Kuambiwa kwamba mkono wako unaharibu kitu si jambo dogo kwetu.

Basi mmoja wetu akamwuliza mwenye kiwanda, aliyekuwa amesimama nyuma muda wote, mikono mfukoni: “Wewe je, wakati wa kazi waanzia wapi?” Akacheka. Akasema yeye naye hagusi. Ni Myahudi, shamba ni lake, mapipa ni yake, yeye ndiye aamuaye siku ya kuvuna na siku ya kutia chupani. Lakini haishiki Sabato, huendesha gari siku hiyo, na kwa hiyo hawezi kufungua koki ya divai yake mwenyewe. Akitaka kuonja, humwomba kijana yule amtekee. Tuliambiwa hali hiyo si ya kwake peke yake. Wako watengeneza divai wengine wa kosheri, huko na Marekani, wafanyao kazi kwa macho, pua na ulimi bila kutumia mikono.

Jambo hilo lilitugeuza kidogo. Sheria ya zile hoteli za zamani ilitungwa na wenye nguvu ili kulinda raha yao, na mzigo wake wote ulimwangukia yule aliyefungiwa nje. Mwenye hoteli hakulipa chochote. Hapa aliyeiweka sheria ndiye aubebaye mzigo mzito zaidi: miaka mitatu ya kungoja, divai imwagwayo, mikono ya mwenye mali iliyofungwa. Mgeni anaombwa jambo moja tu, tena kwa saa moja, kisha anamiminiwa.

Hata hivyo tusikimbilie kuridhika. Mtu aweza kulipa gharama kubwa na bado akawadharau wenzake. Farisayo wa mfano wa Bwana wetu alifunga na kutoa zaka. Kwa hiyo yatupasa kuiuliza sheria yenyewe sababu zake, nazo walimu wa Kiyahudi hawakuzificha. Ya kwanza ni sanamu. Zamani watu wa mataifa walikuwa wakimimina divai mbele ya miungu yao, na Myahudi hakutaka kunywa iliyokwisha kutolewa huko. Hii twaielewa, maana Danieli aliikataa divai ya mfalme, na Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho mengi juu ya meza za sanamu. Ya pili ni ndoa. Wanywao pamoja huzoeana, wakizoeana huoana, na watoto wao huenda wakamwacha Mungu wa baba zao.

Sasa angalieni lililotokea. Sababu ya kwanza ilikufa, au karibu kufa. Katika karne ya 11, mwalimu mkubwa Rashi, aliyeishi Troyes katika Ufaransa kati ya mashamba ya mizabibu, alipokea hukumu ya walimu waliomtangulia kwamba watu wa mataifa wa wakati wake hawakuwa wakimimina divai kwa sanamu. Kwa hiyo Myahudi aliweza kupata faida katika divai ya jirani Mkristo, lakini si kuinywa. Sheria ikabaki kwa sababu ya pili, na kwa sababu ilikuwa imepokewa. Je, sheria ambayo nusu ya sababu zake imekwisha yafaa kushikwa? Mtu wa leo atajibu upesi kwamba haifai. Sisi hatuna haraka hiyo. Watu waliotawanywa karibu miaka elfu mbili, bila nchi wala mfalme, walibaki kuwa taifa kwa nyuzi za namna hii: chakula, siku ya saba, kikombe. Kuwaambia wazikate kwa kuwa zatuudhi sisi wageni wa alasiri moja ni kudai mengi mno.

Tena sisi Wakristo tuna mdomo gani wa kusema? Mwanzoni mwa karne ya nne, Sinodi ya Elvira huko Hispania iliwakataza Wakristo kula pamoja na Wayahudi, na ikawakataza wenye mashamba wasiwaache Wayahudi wayabariki mazao yao. Baraka yao ilionekana kuwa itaiharibu ya kwetu! Ukuta ule tuliujenga sisi, tena tukiwa tunaanza kuwa na nguvu. Na katika ibada yetu wenyewe, je, kila mkono wagusa? Kikombe cha Ushirika huwekwa wakfu na kasisi, hushikwa na aliyepewa ruhusa, na divai iliyobaki baada ya kuwekwa wakfu, Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 chaamuru isitolewe nje ya kanisa bali inywewe pale pale kwa heshima. Mgeni asiye Mkristo akiingia na kukinyoshea mkono kikombe kile, mhudumu atamzuia kwa upole. Hatumdharau. Twakilinda kilicho kitakatifu kwetu, nasi twatumaini atatuelewa.

Hapo wengine watatuambia: mbona Petro alionyeshwa ile nguo yenye wanyama wa kila namna, na Paulo akamkemea huko Antiokia kwa kujitenga na meza ya watu wa mataifa? Ni kweli, na kwa hiyo sisi hatuko chini ya sheria ile. Lakini Paulo alimkemea Petro kwa sababu wote walikuwa mwili mmoja katika Kristo, na kujitenga kwake kuliugawa mwili huo. Hakuwaagiza Wakristo wamlazimishe jirani asiye wa Kanisa avunje yaliyo mwiko kwake. Na Baraza la Yerusalemu, katika Matendo sura ya 15, liliwaomba Wakristo wa mataifa wajizuie na vyakula kadhaa, ili meza ya pamoja iwezekane. Aliyekuwa huru zaidi ndiye aliyeombwa kujinyima.

Jambo hili si la Wayahudi wa mbali tu. Hapa Tanzania twalijua kwa jina jingine: nani achinje. Kwa miaka mingi, kwenye harusi na misiba ya vijijini, tulimwita jirani Mwislamu achinje ili wote tule sufuria moja. Hatukuona tumepungukiwa. Lakini Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, ugomvi juu ya uchinjaji ulifika hata kumwaga damu, na mchungaji mmoja akauawa. Tukiutazama msiba ule twaona kwamba tendo lile lile, mkono wa jirani juu ya kisu, laweza kuwa zawadi au mzigo. Tulipomwita sisi wenyewe lilikuwa zawadi. Lilipodaiwa kama haki, na upande wa pili kulikataa kama haki, hapakubaki nafasi ya mtu kumtendea mwenzake hisani. Kijana wa kiwandani alimwomba mzee wetu. Hakumfokea, wala hakumwekea kibao ukutani. Twadhani tofauti hiyo ni kubwa kuliko ionekanavyo.

Na sheria yao ina mlango, ambao tuliuona wakati wa kuonja. Divai ikipashwa moto sana, kwa sekunde chache tu na kupozwa mara, huhesabiwa kuwa divai iliyopikwa. Divai iliyopikwa haikufaa kwa madhabahu, wala haikuhesabiwa ya kumiminwa kwa sanamu, na kwa hiyo mtu yeyote aweza kuishika bila kuiharibu. Mwenye kiwanda hutengeneza sehemu ya divai yake hivyo kwa ajili ya harusi na mahoteli, ambako wahudumu ni watu wa kila taifa. Alituambia moto huiondolea divai kitu, ingawa mitambo ya siku hizi imepunguza hasara hiyo. Kwa hiyo hupoteza kidogo cha ladha ili mgeni apate kushika chupa. Kwenye meza yetu aliweka chupa mbili. Ile nyekundu kavu, iliyo bora, alitumiminia kijana. Ile iliyopashwa moto aliisukuma mbele ya mzee wa Dodoma, akamwashiria atugawie sisi wote, naye akagawa, akianza na mwenye nyumba. (Wenzetu wasiokunywa kileo walipewa maji ya zabibu, nayo, kwa taarifa yenu, yako chini ya sheria ile ile ya mikono!)

Limebaki jambo moja gumu, nalo hatukulimaliza hata katika ndege ya kurudi. Jirani wa namna hii aweza kutukaribisha kwake kila siku, lakini sisi tukimkaribisha hataweza kunywa divai yetu wala kula katika sufuria zetu. Kwetu mgeni asiyeonja amewatia wenyeji mashaka. Watu wataulizana kama amehofu sumu. Urafiki ambao mmoja ni mwenyeji daima na mwingine ni mgeni daima huchosha. Tulimwuliza yule kijana: akija Dodoma, nyumbani kwa mzee, tumpe nini? Akafikiri kidogo. Akasema maji yatamtosha, na tunda zima ambalo halijakatwa kwa kisu cha nyumbani, kama chungwa au ndizi, naye atalimenya mwenyewe.