Kung'atuka: Hisani au Wajibu?

Taifa huwa na miaka mingi katika kalenda yake, lakini ni michache inayobaki kuwa swali. Kwa Tanzania, mwaka 1985 ni mmoja wa miaka hiyo. Mwezi Julai Rais Julius Kambarage Nyerere aliliaga Bunge. Mwezi Agosti Mkutano Mkuu maalumu wa Chama Cha Mapinduzi ulimteua Ali Hassan Mwinyi kuwa mgombea pekee wa urais. Mwezi Oktoba Zanzibar ilimchagua Idris Abdul Wakil kuwa Rais wake, na wananchi wa Jamhuri nzima wakampigia Mwinyi kura za ndiyo au hapana. Tarehe 5 Novemba Mwinyi aliapishwa. Hivyo ndivyo urais ulivyotoka katika mikono ya mtu aliyeushika tangu Tanganyika ilipokuwa jamhuri mwaka 1962.

Mwaka huohuo, madaraka yalibadilika mikono katika nchi nyingine za Afrika kwa njia tofauti kabisa. Mwezi Aprili Nimeiri alipinduliwa nchini Sudani. Mwezi Julai Obote alipinduliwa nchini Uganda, mlangoni petu. Mwezi Agosti wanajeshi wa Nijeria waliipindua serikali ya wanajeshi wenzao. Si ajabu basi kwamba Watanzania walijivunia waliyoyaona kwao, na kwamba walimu wameendelea kuwasimulia vijana habari za mwaka huo kama hadithi njema. Lakini hadithi njema isiyoulizwa maswali huwalaza wasikilizaji usingizi. Sisi tungependa kuuliza swali moja tu: Kiongozi anapoondoka madarakani kwa hiari yake, je, anawafanyia wananchi hisani, au anawalipa deni lao?

Tuanze na neno lenyewe. Kung'atuka ni neno lililoingia katika Kiswahili cha siasa kutoka Kizanaki, lugha ya nyumbani kwa Mwalimu Nyerere, Butiama. Katika jamii za Mara uongozi ulifuata marika. Rika lililokwisha kutawala liliwapisha wa rika lililofuata. Wamasai nao wana sherehe yao ya eunoto, ambamo morani hunyolewa nywele zake ndefu na mama yake, aanze safari ya kuingia katika utu uzima. Katika desturi za namna hii kuondoka hakukuwa jambo la mtu mmoja kujipima moyo na kuamua. Kulikuwa na wakati wake, kama mavuno yalivyo na wakati wake, na mzee aliyewapisha vijana hakuonekana kuwa shujaa. Alionekana kuwa mzee.

Neno hilo lilipofika katika Kiswahili lilikuta jirani anayefanana nalo. Sikio la Mswahili husikia ndani yake kitenzi kung'ata, kilichotiwa kauli ya kutendua: kama vile kufunga na kufunguka, kuziba na kuzibuka. Kung'atuka kukawa kama kuachia kile ambacho meno yalikuwa yamekishika. Asili ya neno siyo hiyo, lakini mkutano huo wa sauti unatufundisha kitu. Desturi ya kwanza yasema kuondoka ni zamu. Sauti ya pili yakiri kwamba madaraka ni matamu, na kwamba taya haziachii kwa urahisi. Ukweli wa jambo hili umo katika yote mawili.

Sasa turudi kwenye swali letu. Miongoni mwa ahadi za mwanachama wa TANU, zilizorithiwa na CCM, ilikuwamo ile isemayo kwamba cheo ni dhamana. Watu wengi wameitamka ahadi hiyo bila kuifuata mpaka mwisho wake. Ikiwa cheo ni dhamana, basi kina mwenyewe, na mwenyewe si yule aliyekishika. Msafiri anapomwachia jirani amana yake, kisha akarudi na kuipokea salama, hakuna anayepiga ngoma. Jirani hushukuriwa kwa uangalizi wake, lakini hasifiwi kwa kuirudisha, kwa sababu kuirudisha ndiko kulikokuwa maana ya kuipokea. Tukimsifu mno kwa kurudisha, tunakiri bila kujua kwamba tulitazamia aidhulumu.

Hapa ndipo ilipo hatari ya kuuita mwaka 1985 mwaka wa hisani. Hisani hutolewa apendapo mtoaji. Mwenye hisani aweza kutoa leo na kunyima kesho, wala hakuna wa kumshitaki. Tukiwafundisha vijana kwamba Rais wa kwanza alituonea huruma akaondoka, tumewafundisha pia kwamba mwingine yeyote, akikosa huruma hiyo, ana haki ya kubaki. Lakini tukiwafundisha kwamba alilipa deni, na kwamba alililipa vizuri, tumewapa wao na watoto wao hati ya kulidai deni hilo kwa kila atakayemfuata.

Yako mapingamizi, na si haki kuyapita kimya. La kwanza ni kwamba wako wananchi wengi waliotamani Mwalimu aendelee. Je, mwenye mali hana haki ya kumwambia mtunzaji aendelee kuitunza? Anayo, lakini kwa sharti moja: awe kweli huru kusema vinginevyo. Katika nchi yenye mgombea mmoja, na yenye kizazi kizima kisichowahi kumjua Rais mwingine, ombi la kubaki ni gumu kulipima. Humo mna upendo wa kweli. Humo mna woga wa kesho. Humo mna pia sauti za wale wanaokula kwa sababu kiongozi yupo. Amana ya fedha haina ulimi wa kumnong'oneza mtunzaji kwamba ni yake. Amana ya madaraka ina ndimi nyingi, na zote husema kwamba bila wewe tutaangamia. Kiongozi anayezikataa sauti hizo hatendi hisani, lakini anatenda wajibu mgumu, na wajibu mgumu unastahili heshima yake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Hali ya nchi mwaka 1985 haikuwa njema. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekula akiba ya taifa. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda na fedha za kigeni zimeadimika. Watu walipanga foleni kutafuta sabuni na sukari. Bajeti ya 1984 ilikuwa imeanza kulegeza masharti ya kuingiza bidhaa nchini, na mazungumzo na Shirika la Fedha la Kimataifa, yaliyoshindikana miaka mingi, yalifikia mapatano mwaka 1986, chini ya Rais mpya. Yamkini mtu akauliza: Je, huku ni kurudisha amana, au ni kuliacha jahazi likiwa na maji?

Sisi twaona kwamba pingamizi hili lina nusu ya haki. Ni kweli kwamba anayekabidhi hapaswi kukabidhi cheo tu. Hukabidhi pia hesabu, na katika hesabu ya 1985 yalikuwamo madeni pamoja na shule, zahanati, umoja na amani. Anayesimulia amani akanyamaza foleni hajakabidhi kitabu kizima. Lakini nusu ya pili si haki. Kama kiongozi asingeruhusiwa kuondoka mpaka mambo yote yatengemae, hakuna ambaye angeondoka kamwe, maana mambo ya nchi hayatengemai yote kwa wakati mmoja. Tena ziko nyakati ambazo nahodha aliyeapa kufuata njia moja hana budi kumpisha mwingine asiyefungwa na kiapo hicho. Dawa ya deni ni kulipa, na wakati mwingine mlipaji afaaye si yule aliyekopa.

Pingamizi la tatu lasema kwamba hakuondoka kabisa. Katika mfumo wa wakati ule Chama kilikuwa na madaraka ya juu nchini, na Mwalimu alibaki Mwenyekiti wa CCM hadi 1990. Jambo hili ni kweli na halifai kufichwa. Waliolitetea walisema kwamba Rais mpya alihitaji mhimili. Waliolitilia shaka walisema kwamba mkono mmoja uliachia na mwingine ukashika. Kwetu sisi jambo hili linathibitisha hoja yetu badala ya kuivunja. Kung'atuka hakukuwa muujiza wa siku moja. Kulikuwa kazi ya miaka mitano ya kulegeza taya, na kazi hiyo haikuweza kuachiwa wema wa mtu mmoja. Ilihitaji sheria na ilihitaji mazoea.

Sheria ilikuwa imetangulia. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 1984 yalimwekea Rais ukomo wa vipindi viwili vya miaka mitano. Mazoea nayo yalikuwapo, na hapa tunataka msomaji atazame jambo ambalo husahaulika. Mwezi Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, Nyerere aliacha uwaziri mkuu akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga chama. Mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani alijiuzulu kwa sababu raia walikufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga, ingawa yeye mwenyewe hakuwagusa. Waziri huyo alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Kwa hiyo tarehe 5 Novemba 1985 mtu aliyewahi kuacha cheo alimkabidhi mtu aliyewahi kuacha cheo. Hatusemi kwamba hayo yalipangwa. Twasema kwamba mkono uliokwisha kufunguka mara moja hujua njia ya kufunguka tena.

Tangu hapo Mwinyi aliondoka mwaka 1995, Benjamin Mkapa mwaka 2005 na Jakaya Kikwete mwaka 2015, kila mmoja muda wake wa kikatiba ulipokwisha. Yuko atakayesema kwamba hao hawakuwa na wema wowote, kwa kuwa walilazimishwa na sheria. Na iwe hivyo! Hilo ndilo lililotakiwa. Jamii inapofaulu kugeuza wema wa mtu mmoja kuwa kawaida ya wote, wema huo haujafa, umepata makazi. Hata hivyo tusijidanganye. Sheria huandikwa na watu, na watu wanaweza kuifuta. Katika nchi kadhaa za Afrika ukomo wa urais uliandikwa, kisha ukaondolewa kwa kura za wabunge. Kinachoilinda karatasi ni mazoea ya watu: yale wanayoyaona kuwa ya heshima, na yale wanayoyaonea haya. Hiyo ndiyo maana moja kubwa ya utamaduni wa taifa, nao haukomei katika ngoma na mavazi.

Mazoea hayo hayaanzii Ikulu. Huanzia kwa kiranja wa shule anayemaliza muda wake, kwa mwenyekiti wa chama cha ushirika, kwa mweka hazina wa kikundi cha mazishi. Mwalimu anayeandaa makabidhiano ya viranja, funguo zikahesabiwa, madaftari yakasomwa, vilivyopotea vikatajwa mbele ya wote, anafundisha Katiba kuliko yule anayeiandika ubaoni tu. Na mwanafunzi anayepokea kazi hiyo ajifunze siku hiyohiyo kwamba tarehe ya kuiacha imekwisha kuandikwa.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Methali hiyo ina subira, lakini ina uchungu pia: ni ya watu wasio na njia nyingine ila kungoja kuanguka kwa mkubwa. Mwaka 1985 uliwaonyesha Watanzania kwamba yawezekana aliye juu ashuke kwa miguu yake, akutane na waliomngoja, wasalimiane. Tumshukuru aliyeshuka, kwa kuwa ngazi ilikuwa ndefu na wengi walimshika nguo asishuke. Lakini tusimshukuru kama ombaomba anavyomshukuru tajiri. Tumshukuru kama mwenye mali anavyomshukuru mtunzaji mwaminifu: kwa heshima, uso kwa uso, na kitabu cha hesabu kikiwa wazi baina yao.