Mchongaji na Deni la Mpingo

Wamakonde, wakaao pande zote mbili za mto Ruvuma, wana hadithi ya kale juu ya asili yao. Yasimuliwa ya kuwa kiumbe wa kwanza, asiyeoga wala kuchana nywele, aliishi peke yake porini. Akachonga sanamu kwa mti, akaisimamisha, na jua lilipochomoza sanamu ikawa mwanamke, akawa mkewe. Kwa hadithi hii mti ni mama wa kabila zima. Basi mtu ana haki gani ya kumwangusha mama ili aonyeshe uzuri wake?

Mpingo haukui upesi. Hupita miaka 70 au zaidi kabla ya kufaa kukatwa, nao ni umri wa binadamu mzima. Gamba la ubao wake ni jeupe, kiini ni cheusi, na uzito wake huuzamisha majini. Mchongaji hodari hashindani nao. Katika mtindo wa shetani, uliotokea Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950, tawi lililopinda huwa mkono, fundo huwa jicho, tundu huwa kinywa. Mti huanza kusema, na tezo humaliza.

Amwitaye mchongaji mwizi hamtendei haki. Watoto wake hula kwa tezo na patasi. Tena mpingo huo huo hukatwa kwa zumari na klarineti za Ulaya, na moto wa nyika huunguza miche yake. Walakini hatia ya wengi haifuti deni la mmoja.

Binadamu huishi kwa kukata: akijenga hukata, akipika hukata. Kosa lake ni kukata pasipo kurudisha. Akopaye akalipa ni muungwana. Akopaye akakana ni mwizi. Kweli, apandaye mpingo leo hatauchonga yeye. Utachongwa na mjukuu wake, au na mjukuu wa jirani. Malipo ya namna hiyo ni mazito kwa mwenye njaa, lakini wema wote mkubwa hulipwa hivyo. Saburi imkalishayo mchongaji siku nyingi mbele ya gogo moja ndiyo impasayo mbele ya mche.

Mwacha asili ni mtumwa, na asili ya sanamu ni mti. Siku mpingo wa mwisho utakapoanguka, sanamu zitakazosalia hazitakuwa sifa yake tena. Zitakuwa kaburi lake.