Bei ya Sauti ya Juu

Mwaka 1781, mjini Munich, Mozart alimwandikia mpiga obo Friedrich Ramm kwarteti, muziki wa ala nne, akaipandisha obo, ala ya kupuliza, hadi kwenye noti ya fa ya juu kabisa. Sehemu zake za kasi hazina neno hata moja, na noti hupita kabla sikio halijazihesabu. Je, kitu kinachopita mbio hivyo kinaweza kubeba maana?

Jibu nalitafuta kwanza mwilini mwa mpigaji. Kwenye sauti za chini, mpiga obo huinua vidole kimoja baada ya kingine na sauti hupanda. Huko juu utaratibu huo huvurugika. Kupanda hatua moja tu huweza kudai vidole kadhaa vihame kwa pamoja, vingine vikifungua matundu na vingine vikifunga, huku midomo ikibana utete wa obo, wenye vipande viwili, kwa kipimo kile kile kinachotakiwa. Mbano ukizidi kidogo, sauti inakwenda kombo. Na pumzi je? Upenyo wa utete ni mwembamba mno, hewa inayopita ni kidogo. Mpigaji haemewi kwa kuishiwa hewa. Anaemewa na hewa iliyokwisha kazi, imejaa kifuani, na sharti aitoe ndipo avute nyingine.

Mpiga nzumari wa pwani yetu, ambaye ala yake nayo huimba kwa utete wa vipande viwili, hupita njia nyingine. Huweka hewa mashavuni, akaisukuma nje huku akivuta pumzi puani, na muziki wa chakacha haukatiki.

Kinanda cha umeme kinaweza kuiga ala zote mbili. Lakini kwake noti ya juu na ya chini zina bei moja, kubonyeza tu, na kwa hiyo naona hakipandi popote. Juu ni juu kwa sababu kuna mwili unaokaribia mwisho wa uwezo wake.

Atakayesema kwamba msikilizaji havioni vidole wala kifua, simkubalii. Jitihada imo ndani ya sauti yenyewe, katika wembamba na ukali wake. Huku kwetu Tulia, Ukambani, mama anayeongoza dansi ya jadi ya kilumi akipandisha sauti juu ya ngoma, koo langu hukaza kabla sijashika maneno. Hapo tayari nimeelewa jambo, na maneno yakifika yananikuta njiani.